Mama Celine na Madoa ya Fulu

Makongeni nzima, hapa Nairobi, kuanzia nyumba za reli hadi kule Jogoo Road, hakuna uso uliopigwa picha mara nyingi kuliko huu wangu mimi Opicho. Mke wangu anasema pia hakuna uso uliohitaji msaada kama wangu, lakini huyo ni mke, hana budi kusema. Mimi ninavyojua ni kwamba nilizaliwa mzuri, ila kamera zilikuwa na wivu. Aliyekuwa akinipatanisha nazo ni mtu mmoja tu: jirani yangu Roseline Awuor, ambaye sisi sote humwita Mama Celine kwa jina la binti yake.

Hii ni habari yake. Wapwa zangu, mkiona nimejiingiza sana, vumilieni. Mtu hawezi kusimulia jirani wa miaka yote hiyo bila kupita mlangoni kwake mwenyewe.

Mama Celine alikuwa msafishaji wa picha. Kupiga hakupiga. Mpigaji alikuwa Mzee Ndirangu, mwenye studio karibu na soko la Kariokor, mahali ambapo hata ukivaa suti ya harusi ulitoka unanuka ngozi na gundi ya viatu. Ndirangu alikupiga, kisha Mama Celine akakuosha. Alikaa nyuma ya pazia kwenye meza yenye kioo kilichoinama, taa ikiwaka chini ya kioo, negativu, ile filamu ya picha yako, juu yake, na mkononi penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Chunusi anaijaza. Mkunjo anaupunguza. Jicho lililofumba kwa kuogopa mwanga analifungua. Picha ikishachapwa na vumbi limeacha vidoa vyeupe, alichukua brashi yenye nywele chache kuliko hiki kichwa changu cha leo, akaichovya kwenye wino, akailamba ili ichongoke, kisha akavifunika vidoa kimoja kimoja. Ndiyo maana wiki nzima ulimi wake ulikuwa mweusi. Jumapili kanisani alipofungua mdomo kuimba, watoto wa benchi la mbele walisahau wimbo.

Siku hizo picha ilikuwa shughuli. Hukupigwa picha ukila chipsi. Wenzangu wa kazi ya reli walikuja Krismasi ikikaribia, kabla ya kupanda gari la moshi kwenda Kisumu na Butere, baba mbele na tai, mama na kitambaa kipya, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa kama viatu vya mkaguzi wa tiketi. Nyuma yao kulikuwa na pazia lililochorwa ndege kubwa yenye ngazi, nawe ulisimama kana kwamba ndio kwanza unashuka kutoka Ulaya. Nusu ya Makongeni imewahi kusafiri na ndege ile. Mimi mwenyewe nimeipanda mara nyingi na sijawahi kufika popote.

Sasa sikilizeni jambo moja alilokuwa nalo yule mama. Kabla hajaugusa uso wa mtu, alitoka nyuma ya pazia, ulimi mweusi vile vile, akawatazama waliokaa kwenye benchi wakisubiri, akauliza, "Nisiguse nini?"

Mzee Ndirangu ndiye aliyemfunza. Alikuwa akimwambia, "Mama, uso una wenyewe. Ukifuta bila kuuliza, utawarudishia mgeni nyumbani."

Watu walilicheka hilo swali, lakini kila mmoja alikuwa na jibu. Mama mmoja alisema, "Usiguse pengo la mtoto wangu, ndilo linalomfanya babu yake acheke." Mimi nilipokwenda kupiga picha ya uchumba nilimwagiza anitolee kovu hili la kwenye kipaji cha uso, ambalo nililipata nikipambana na majambazi kwenye behewa la mizigo. (Wanaosema niligongwa na mlango wa behewa nikisinzia hawakuwepo.) Yule niliyekuwa nikimchumbia akarukia, "Mama Celine, ukiliondoa hilo, huyo mwanamume mchukue wewe. Mimi nilimjulia hapo!"

Kovu likabaki. Na mwanamke akabaki, mpaka leo.

Hata Odongo, mume wa Mama Celine, aliyekuwa gadi wa gari la moshi, alipofariki, jamaa walimletea Mama Celine picha ndogo ili aikuze iwekwe juu ya jeneza. Odongo alikuwa amevaa kofia ya kazi imepinda, kola moja imelala na nyingine imesimama. Tulidhani angemnyoosha, maana ikiwa aliweza kunipendezesha mimi, angeshindwaje na mumewe? Alikaa na ile picha jioni nzima, penseli mkononi. Asubuhi akaitoa vile vile, kofia imepinda, kola imesimama. Nikamuuliza, "Shemeji, vipi, penseli imeisha?" Akasema, "Nilijiuliza nisiguse nini, Opicho. Sikupata cha kugusa."

Mpaka leo picha hiyo iko ukutani kwake, juu ya redio.

Baadaye mambo yakageuka. Negativu zikaisha, kompyuta zikaja. Wengi waliokuwa na brashi waliziweka chini wakaenda kuuza nyanya, lakini Mama Celine akajifunza ile programu ya kusafishia picha. Aliyemfundisha kushika panya ya kompyuta ni mimi. Yeye anasema nilichomfundisha ni jinsi ya kuidondosha. Sibishani na mwanamke mwenye ulimi wa wino. Kitu alichokipenda zaidi kwenye programu ile ni kimuhuri fulani: unabofya mahali safi, unapaazima, unapabandika juu ya palipo pachafu. "Hii ni penseli yangu," aliniambia, "isipokuwa hailambwi."

Kisha simu zikaanza kuosha watu zenyewe. Msichana anajipiga picha chooni na anatoka na uso laini kama yai lililomenywa, hata mama yake akipishana naye njiani hamtambui. Benchi la Ndirangu likakauka. Mzee akafunga studio, akarudi kwao Murang'a kupanda maparachichi, na ile kompyuta akamwachia Mama Celine. Naye akaiweka sebuleni na kuifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika makochi. Nilipopita kumsalimu nilimkuta ameketi mbele yake, imezimwa, akipangusa vumbi kwenye kioo kwa kidole, polepole, kidoa kimoja kimoja.

Hapo ndipo Yahye alipobisha hodi.

Yahye ni kijana wa Eastleigh, sasa ni baba wa watoto. Zamani mama yake, Ladan, alimleta studio akiwa mtoto kupigwa picha ya shule, na alipoulizwa asiguswe nini, Ladan alisema, "Usiguse masikio. Hayo ni ya babu yake." Masikio yakaachwa, na yapo mpaka leo, yamesimama kama milango ya teksi iliyosahaulika wazi. Yahye huuza samaki wa mapambo, wale wa kufugwa kwenye matangi ya kioo sebuleni. Wateja wake huchagua kwa simu: anatuma picha, wanachagua samaki, anapeleka. Shida ilikuwa hizo picha.

"Mama," alisema, akimpa flashi ndogo, "samaki wangu ni wazuri wallahi, lakini nikiwapiga picha wanatoka kama wamefungwa jela."

Mama Celine akaondoa kitambaa, akawasha. Nami nilikuwepo, maana hakuna jambo hutokea plotini kwetu bila mimi kuwepo. Picha ya kwanza ilikuwa ya kioo kilichopakwa ukijani wa mwani, viputo vya hewa kama mvua, mavi ya samaki yanaelea, mwanga wa simu umepasuka katikati kama jua, na ndani ya jua hilo kikoi cha Yahye na masikio yake mawili. Samaki mwenyewe alikuwa pembeni, amekasirika.

"Warya," nikamwita kwa Kisomali cha kwao, "hapa unauza samaki ama unajiuza wewe?"

"Mzee Opicho, wacha matani, nimekuja kwa daktari."

Mama Celine hakutusikia. Alikuwa ameshainama. Akaazima maji safi hapa, akayabandika pale. Kiputo kikaenda, mavi yakaenda, sikio la kushoto likaenda, la kulia likaenda. Samaki akabaki peke yake kwenye maji matulivu, mkia umefunguka kama kitenge kilichoanikwa. Na niwaambie, nilimwona huyo mama akifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu enzi za Kariokor. Alitoa ulimi kidogo, kama mtu anayetafuta brashi ya kulamba.

Tangu siku hiyo kompyuta haikufunikwa tena. Yahye alileta picha kila wiki, na wakati mwingine mimi na Mama Celine tulitembea mpaka Eastleigh, tukikatia Shauri Moyo na Pumwani, ili akawaone samaki wenyewe na kujua rangi zao za kweli. Mimi nilikwenda kumlinda, na pia kwa Yahye hunywewa chai ya maziwa yenye iliki. Lakini hiyo tabia ya kumtania sikuiacha.

"Sisi Waluhya kuku tunamfuga tukamla. Ninyi Wajaluo samaki mmemla mpaka ameisha, sasa mnamfuga kwenye kioo mumwangalie?"

"Nyamaza, watu wa kuku! Wewe kuku akikuangalia vizuri atakuona unga wa kudonoa."

Basi siku moja Yahye alikuja, hakukaa hata kitako. Akafungua picha moja kwenye simu na kumwonyesha Mama Celine. Samaki mdogo, urefu wa kiganja, ubavuni samawati kama moto wa gesi, mgongoni mwekundu.

"Unamjua huyu, mama?"

"Simjui."

"Anaitwa fulu. Wa ziwani kwenu."

Mama Celine akaishika ile simu kwa mikono miwili. Alikulia Usenge kwa nyanya yake, ufukweni, na fulu alimjua vizuri kuliko alfabeti. Nyanya yake alikuwa akiwaanika juani, wanakauka wakawa kama vijiti vya kijivu, anawatia kwenye kikapu, anawapika na ugali jioni. Kikapu kilining'inia juu ya moto na watoto walikiangalia kama saa. Baadaye mbuta waliingizwa ziwani, wale samaki wakubwa walafi, nao wakawala fulu hadi kikapu cha nyanya kikabaki na harufu tu.

"Sikujua ana rangi," alisema taratibu. "Mimi nilimjua akiwa mkavu."

Huyo fulu, Yahye alipewa na mtu aliyehama mji. Alikuwa dume, mmoja tu, na si kijana tena. Lakini Kisumu kulikuwa na bwana mmoja, Ochola, aliyekuwa akikusanya fulu waliobaki na kuwazalisha kwenye madimbwi nyuma ya nyumba yake. Majike alikuwa nao. Tatizo, Ochola ni mkali kama askari wa lango: fulu wana aina nyingi zinazofanana, naye hataki zichanganywe. Alimwambia Yahye atume picha safi ya dume. Akiona ni aina moja na wake, atatoa majike. Asipoona, hatoi.

"Na akikataa?" nikauliza.

"Basi. Huyu akifa, ameisha na jina lake. Eastlands hakuna mwingine."

Mama Celine akasema, "Lete hiyo picha." Kisha, kama anayezungumza na redio, "Nataka kuona watoto wake. Dani angecheka sana kusikia fulu amezaliwa Eastleigh." Dani ndiye nyanya.

Niliona kazi aliyoifanya kwenye picha ile, na nimeona kazi nyingi. Yahye alikuwa amempiga samaki wakati wa kula, na chakula chenyewe ni makombo ya manjano, yametapakaa kila mahali kama unga wa mahindi uliomwagika. Mama Celine aliyatoa yote. Yaliyokuwa mbele ya jicho akayatoa. Yaliyokuwa juu ya mgongo akayatoa. Pale kwenye pezi la chini, lile lililo karibu na mkia, kulikuwa na mengine matatu manne, ya mviringo, yameganda. Hayo yakamsumbua, maana pezi ni jepesi kama shela na ukifuta vibaya linaonekana. Alifuta mistari ya pezi na kuichora upya, mmoja mmoja. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya ngozi.

Alipomaliza akaegemea kiti. "Opicho, mwangalie."

Nikamwangalia. Wapwa zangu, sijawahi kuona samaki msafi vile. Alikuwa kama bwana harusi.

Kwa samaki hakuna benchi la jamaa waliokaa wakisubiri. Ndiyo maana lile swali lake la Kariokor hakuwa akiliuliza tena. Angemuuliza nani?

Picha ikaenda Kisumu. Kesho yake Yahye akaja Makongeni, uso umeanguka, masikio yenyewe yamelegea. Akaweka simu mezani na kutuchezea sauti ya Ochola.

"Yahye, nimeangalia. Huyo si fulu dume. Fulu dume ana mayai kwenye pezi la chini. Huyo wenu yuko safi kama sahani ya mgeni! Ama mmeitoa picha mahali, ama ni jike mmempaka rangi. Mimi watoto wangu siwapi watu wa kupaka rangi. Na usinitumie nyingine, maana sasa hata ukileta yenye mayai nitajua ni wino. Asante, usinipigie."

"Na amenifungia," Yahye akasema. "Nikipiga haiingii."

"Mayai gani?" Mama Celine akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Yahye akaona aibu kumweleza mtu wa umri wa mama yake, lakini akaeleza akitazama sakafu. Hayo si mayai, ni madoa ya manjano yaliyo kwenye pezi la dume. Jike akishataga huyaokota mayai yake na kuyaweka mdomoni, na humo ndimo huyalea. Akiona yale madoa kwenye pezi la dume anadhani ameacha mengine, anayafuata ayaokote, na hapo ndipo dume humwaga mbegu ikaingia mdomoni kwake. Bila madoa hakuna watoto.

"Kumbe hata samaki huoana kwa kudanganyana!" nikasema.

Hakuna aliyecheka. Nikajua leo si siku yangu.

Mama Celine alikuwa amefungua ile picha, bwana harusi wake, akiangalia lile pezi alilolichora upya. "Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni chakula."

"Si kosa lako, mama, mimi ndiye sikukwambia."

"Wewe hukuwa na haja ya kuniambia. Mimi ndiye nilikuwa na haja ya kuuliza." Akaondoa miwani. "Maisha yangu yote nimewauliza watu. Mwenye pengo, mwenye kovu, mwenye masikio. Huyu nikamwona samaki tu, nikamfuta. Nimemfutia watoto wake, Yahye."

Nikainuka nikampashia chai. Mimi, Opicho! Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa karatasi ukutani, pu, pu, pu.

Mwishowe akauliza, "Namba yake ni ipi?"

"Mama, yule mzee ni mkali."

"Amekufungia wewe. Mimi hajanifungia."

Akapiga kwa simu yake ndogo ya vibonye, akaweka sauti kubwa ili tusikie. Walisalimiana kwa Kijaluo, wakatafutana koo kama Wajaluo wanavyofanya hata nyumba ikiwaka moto, kisha kwa ajili yetu sisi wageni akahamia Kiswahili.

"Ochola, yule samaki hana wino. Mayai yake niliyatoa mimi. Kazi yangu ni kusafisha picha. Nilidhani ni makombo."

Ochola akaguna, akamwita kwa Kijaluo binti wa Yimbo, huko Usenge iliko. "Nyar Yimbo, umezaliwa Usenge, hujui mayai ya fulu?"

"Nilizaliwa Usenge nikamkuta ameshaanikwa. Mimi nimemla fulu, sijawahi kumwona. Wewe ulimwona wapi akiwa hai ulipokuwa mtoto?"

Ochola akashusha sauti. "Hata mimi," alisema, "ni ukubwani." Halafu kama aliyekumbuka kwamba anatakiwa kuwa mkali: "Lakini picha yako nyingine nitaiaminije? Siku hizi hata video watu wanatengeneza."

"Kwa hiyo nimekupigia nikuulize. Nitampiga mwenyewe. Niambie wewe unayemjua: nisiguse nini?"

Nawaambia, tukasikia kicheko kikubwa cha mzee kikitoka kule Kisumu.

"Usiguse kitu, mama! Usiguse hata mavi yake!"

Tuliondoka wakati huo huo, sote watatu, jua la saa nane likitupiga Jogoo Road. Dukani kwa Yahye, Mama Celine aliagiza tangi lisipanguswe wala maji yasibadilishwe. Akaomba simu ya Yahye. Na hapo ndipo niliposhtuka: miaka yote ya studio, sikumwona hata mara moja akipiga picha. Aliinama mbele ya tangi, akabana pumzi, akamngoja fulu. Fulu alizunguka, akaja mbele, akafungua mapezi kama mtu anayenyoosha suti. Akabonyeza.

Picha hiyo ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe. Mwani ulikuwa umechora mstari wa kijani katikati. Makombo yalielea. Viputo. Kwenye kioo, nyuma ya samaki, palionekana masikio ya Yahye, kilemba cheupe cha Mama Celine na simu iliyoficha jicho lake moja, na upande wa kulia tumbo, tumbo kubwa, limeng'aa kama mwezi wa pili. Sitasema ni la nani.

Lakini kwenye pezi la chini yalikuwepo. Manne, manjano, kila moja na duara jeusi jembamba pembeni, yamepangwa kama vifungo vya koti la gadi.

Mama Celine akayatazama muda mrefu. "Na mimi niliyaona," alisema, "nikayaita uchafu."

Akamtumia Ochola kutoka kwenye simu ya mke wa Yahye, maana ile ya Yahye bado ilikuwa imefungiwa. Tukanywa chai. Yahye alikwenda kuswali akarudi. Mama Celine hakukinywa kikombe chake wala hakukiweka chini. Simu ilipolia alimwachia Yahye aifungue.

"Nimeona mayai," ilisema sauti ya Ochola. "Ni aina yangu kabisa. Nimeona na mavi, asanteni. Sasa hiyo ndiyo picha. Majike watakuja na basi. Halafu mniambie, huyo mzee mwenye tumbo kwenye kioo anazalishwa pia?"

Mama Celine alicheka mpaka kilemba kikalegea. Nikamwona ulimi: umekuwa mwekundu siku hizi, kama wa mtu yeyote.

Majike walifika kwa boksi la karatasi, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji uliojazwa hewa, tukawapokea kwenye stendi iliyo karibu na Muthurwa. Mama Celine alilibeba mwenyewe boksi lile kifuani mpaka Eastleigh, mimi nikitangulia mbele nikipiga kelele, "Pisheni, bibi harusi! Pisheni!" na wachuuzi wakatupisha, wengine wakatupigia vigelegele bila kujua ndani kuna nini. Majike wenyewe walikuwa wa kijivu, wadogo, hawana lolote la kutazamwa. "Hawa sasa ndio ninaowajua," alisema Mama Celine.

Kikapita kipindi. Kisha jike mmoja akaacha kula, kidevu kimevimba, mdomo umefungwa kama mtu anayeficha siri ya ukoo. Mama Celine alikuwa akienda kila alipopata nafasi, anakaa kwenye kigoda mbele ya tangi kama alivyokuwa akikaa mbele ya kile kioo cha Kariokor. Siku alipofungua mdomo wake yule jike nilikuwepo, kama kawaida yangu. Watoto walitoka kama punje za mtama, wana macho tu, wakaelea. Tulipogonga kioo kidogo waliogopa wakakimbilia mdomoni kwa mama yao, wote, akafunga.

Yahye akasema, "Mashallah." Mimi nikawa na kitu kwenye jicho, vumbi la Eastleigh ni jingi. Mama Celine akamsemesha nyanya yake kwa Kijaluo, maneno machache, hakututafsiria.

Bado anamsafishia Yahye picha zake. Lakini sasa kwanza anampigia simu, na kwa kila samaki anauliza lile swali lake, hata kama ni samaki wa kawaida kabisa, na Yahye analazimika kusimama mbele ya tangi na kumjibu: usiguse ule mstari, usiguse lile pezi lililochanika, ndivyo alivyo.

Na ile picha mbaya aliichapisha, akaitia fremu. Iko ukutani, juu ya redio, karibu na Odongo mwenye kofia iliyopinda. Kila mgeni anayeingia anaona samaki, anaona mwani, kisha anauliza, "Na hili tumbo?"

Nimemsihi sana. Nimemwambia, shemeji, kwa ujirani wetu, chukua kile kimuhuri chako, azima maji safi hapo kando, nibandike. Ni kazi ya dakika moja.

"Opicho," ananijibu, akinywa chai yake, "nimeshauliza wenyewe."

"Wenyewe nani? Tumbo ni langu!"

"Nimemuuliza mkeo. Amesema nisiguse."